Chama, barabara, mahakama au mtaa: kijana mpenda uhuru aanzie wapi?

Dada mmoja anayeuza vocha na chaja karibu na stendi ndogo ya Arusha aliniuliza swali ambalo sikulijibu vizuri. "Kaka, mimi haya mambo ya haki nayaamini kabisa. Sasa nianzie wapi? Nikachukue kadi ya chama, au nisubiri maandamano?" Nilikuwa nakimbilia hiace, nikamwambia tu aanze popote. Lilikuwa jibu la ovyo, maana hizo "popote" hazifanani bei.

Niseme kwanza nazungumza na nani. Neno "mliberali" huku kwetu wengi hulisikia kama tusi la kizungu. Mimi nalitumia kwa maana ndogo: mtu anayeamini kwamba serikali lazima ifungwe na katiba, kwamba kura ihesabiwe kama ilivyopigwa, na kwamba mtu mmoja asinyang'anywe haki yake hata kama kijiji kizima kimemkasirikia. Vijana wa namna hii wapo kwenye vyama vya upinzani, wapo ndani ya chama tawala, na wengi zaidi hawana kadi yoyote. Kuhusu wanachokitaka hawana ugomvi. Wanagombana kuhusu njia, na Tanzania na Kenya njia ziko nne.

Nitazipima zote kwa mambo matano. Kasi: utaona kitu lini? Gharama: fedha na muda wako. Hatari: nini kinaweza kukupata, na nani atakuja kukutafuta. Sauti: je, ukiingia bado utasema unachokiamini, au utasema ulichoambiwa? La tano ni kudumu: ukishinda leo, kesho ushindi utakuwepo?

La sita sikulipa kichwa chake kwa sababu linaingia kila mahali, nalo ni upande gani wa mpaka wa Tanzania na Kenya pale Namanga umesimama. Ukitaja Saba Saba Dar es Salaam, mtu anakumbuka kuzaliwa kwa TANU mwaka 1954 na maonyesho ya biashara. Ukiitaja Nairobi, mtu anakumbuka Kamukunji mwaka 1990, mabomu ya machozi na madai ya vyama vingi. Tarehe ni ile ile, 7 Julai. Usichukue ushauri wa upande mmoja ukautumia upande wa pili bila kuupima upya.

Chama

Kasi. Kwa kawaida ni ya kobe. Tanzania huwezi kugombea udiwani wala ubunge bila kufikisha miaka 21 na bila kudhaminiwa na chama, kwa hiyo mlango ni huo mmoja. Kenya, Katiba ya 2010 inaruhusu mgombea binafsi, na mwaka 2017 John Paul Mwirigi aliuchukua ubunge wa Igembe Kusini akiwa na miaka 23, hana chama. Lakini chama nacho upepo ukivuma kinaweza kukubeba haraka. Hapa kwetu Arumeru Mashariki, Joshua Nassari alishinda uchaguzi mdogo wa Aprili 2012 kwa tiketi ya Chadema kabla hajafika miaka 30.

Gharama. Kadi yenyewe ni rahisi. Kinachokula ni nauli za vikao, michango, sare, na jioni zako. Nilikuwa katibu mwenezi wa tawi kwa miaka mitatu, chama sikitaji, na sehemu kubwa ya uenezi wangu ilikuwa kutafuta viti vya plastiki. Ukifika kwenye kura za maoni za kuteua wagombea ndani ya chama ndipo utaelewa kwa nini mwaka 2020 nchi nzima ilicheka na ule msemo kwamba wajumbe si watu wazuri. Hata hivyo kuna kitu nilikipata ambacho sikukipata kwingine. Nilikaa wakala kituoni, nikaona kura zinavyohesabiwa, nikajua fomu ya matokeo inajazwaje na inabandikwa wapi. Wanaopiga kelele kuhusu wizi wa kura bila kuijua ile fomu ni wengi mno.

Hatari. Inategemea rangi ya shati. Ukiwa UVCCM, umoja wa vijana wa chama tawala, polisi si tatizo lako. Tatizo lako ni kujifunza kumeza maneno hadi ukasahau ladha yake. Ukiwa BAVICHA, baraza la vijana la Chadema, unakumbuka Agosti 2024, vijana walipokuwa wakielekea Mbeya kwa ajili ya Siku ya Vijana Duniani na mamia wakakamatwa pamoja na viongozi wao. Faida ni kwamba ukikamatwa ukiwa mwanachama, kuna mtu atakayegundua haupo, na chama kina mawakili.

Sauti. Hapa ndipo waliberali wengi hukwama. Chama ni nidhamu. Mwaka 2025 Chadema ilisimamia msimamo wa bila mabadiliko hakuna uchaguzi, ikakataa kusaini kanuni za maadili ya uchaguzi, ikawekwa nje. ACT-Wazalendo ikaamua kuingia, na mgombea wake wa urais akaenguliwa. Ndani ya vyama vyote viwili walikuwepo vijana walioamini kinyume. Kundi la Chadema lililojulikana kama G55 lilitoka kwa ubishi huo huo, na wengi wao wakahamia chama kingine, Chaumma. Waliobaki walimeza. Sisemi nani alikuwa sahihi. Nasema tu, ukiingia chama, jiandae siku moja kuutetea hadharani uamuzi ulioupigia kura ya hapana chumbani.

Kudumu. Chama ndiyo njia pekee kati ya hizi nne inayoishia kwenye kiti cha kutunga sheria. Kinakufaa kama una subira ya miaka kumi, unapenda watu, na huumwi tumbo ukishindwa hoja.

Barabara, na simu iliyo mfukoni

Kasi. Hakuna inayoifikia. Juni 2024 Kenya, muswada wa fedha ulikuja na VAT ya asilimia 16 kwenye mkate na kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka. Vijana waliuchambua mtandaoni kifungu kwa kifungu, wakautafsiri, wakasambaza namba za simu za wabunge ili "wasalimiwe", na salamu zikaja kwa maelfu. Tarehe 18 Juni kodi ya mkate ikaondolewa. Tarehe 25 waandamanaji wakaingia Bungeni. Tarehe 26 Rais Ruto akasema hasaini. Tarehe 11 Julai akalivunja karibu baraza lote la mawaziri. Haikufika mwezi. Vyama vya upinzani vilikuwa vimepiga kelele za kodi kwa mwaka mzima bila kupata hata nusu ya hayo.

Gharama. Kwako wewe ni nauli, maji na data. Kwa mwenye duka la Tom Mboya Street lililovunjwa na waporaji walioingia katikati ya maandamano, gharama ni nyingine, na mliberali anayejiheshimu haruki hilo. Haki ya kukusanyika ni yako. Mali iliyoporwa ilikuwa ya mtu ambaye naye ana haki.

Hatari. Sitaipamba. Hadi 1 Julai 2024, Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilikuwa imehesabu vifo 39 na watu 32 waliotoweka au kutekwa, na hesabu hiyo iliendelea kupanda baadaye. Hiyo ni nchi ambayo ibara ya 37 ya katiba inaruhusu waziwazi kuandamana kwa amani bila silaha, ambayo sheria yake inataka taarifa tu kwa polisi kati ya siku 3 na 14 kabla, na ambayo aliyekamatwa anapaswa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24.

Vuka Namanga sasa. Sheria ya Tanzania inataka taarifa ya saa 48, kwa hiyo ukisoma karatasi peke yake utadhani huku ni rahisi zaidi. Lakini mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa kuanzia 2016 hadi Januari 2023 bila sheria hiyo kubadilishwa. Mtandao wa X ulizimwa Mei 2025. Na siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, maandamano yalipolipuka, watu waliuawa, intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa, na Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje. Baadaye watu zaidi ya 200 walishtakiwa kwa uhaini, ingawa wengi waliachiwa. Uhaini si kosa la kulipia faini. Kampala nako, 23 Julai 2024, waliotaka kutembea hadi Bungeni kupinga ufisadi walianza kukamatwa kabla hawajaliona geti.

Mtu wa Nairobi akikwambia "tokeni tu kama sisi", mwulize kama atakaa na mama yako.

Sauti. Ni yako yote, ndio utamu wake. Vijana wa Kenya walijisifu kwamba hawana kiongozi, hawana kabila, hawana chama, na ilikuwa kweli, ndiyo maana hakukuwa na wa kununuliwa. Lakini wakati wa kuzungumza ulipofika, hakukuwa na wa kutumwa pia. Kuna na jambo jingine ambalo hatulisemi sana: umati ukishapata joto hausikilizi mtu mmoja anayesema "hapana, huyu tusimpige", na huyo mtu mmoja ndiye sisi tunayedai kumtetea.

Kudumu. Ni dhaifu. Desemba 2024 baadhi ya hatua za kodi zilizokataliwa Juni zilirudi kupitia sheria nyingine, na wanasiasa wanne wa ODM, chama cha upinzani, walikuwa tayari wameingia kwenye baraza jipya la mawaziri. Barabara inajua sana kusimamisha. Kujenga haijui.

Inamfaa mwenye jambo moja lenye tarehe, aliye pamoja na watu anaowajua kwa majina, na ambaye kukamatwa kwake hakutawaacha watoto bila chakula.

Mahakama

Kasi. Nisimulie ya Mchungaji Christopher Mtikila, maana kila kijana wa Tanzania anayetaka kwenda mahakamani angeijua kwanza. Alidai haki ya kugombea bila chama. Oktoba 1994 Mahakama Kuu ikampa. Kabla wino haujakauka, Bunge likabadilisha katiba kuifuta haki hiyo. Akafungua tena, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikampa kwa mara ya pili. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hilo ni suala la kisiasa, liamuliwe na Bunge. Akaja hapa Arusha, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na 14 Juni 2013 akashinda kwa mara ya tatu. Alifariki kwa ajali ya gari Oktoba 2015. Vijana waliozaliwa mwaka ule wa ushindi wa kwanza wana watoto sasa, na mgombea binafsi Tanzania hayupo.

Lakini si zote zinakwenda hivyo. Rebeca Gyumi alipinga vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu binti aolewe akiwa na miaka 15 kwa idhini ya wazazi, na hata 14 kwa ruhusa ya mahakama. Akashinda Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu Oktoba 2019. Miaka mitatu, kwa mahakama, ni mbio.

Gharama. Kenya, ibara ya 22 inamruhusu yeyote kufungua kesi ya haki kwa manufaa ya umma, na inasema wazi kwamba hakuna ada ya kuifungua. Okiya Omtatah alifanya hiyo kuwa kazi ya maisha, na yeye si wakili. Tanzania, ibara ya 26 ilikuwa ikitegemewa kwa namna hiyo hiyo hadi mwaka 2020, Bunge lilipopitisha marekebisho yanayomtaka mlalamikaji aape kwamba jambo limemgusa yeye mwenyewe. Marekebisho hayo nayo yalipelekwa mahakamani, na ubishi ukapanda hadi Rufani, kwa hiyo kabla hujaandika chochote mwulize wakili sheria imesimama wapi leo.

Hatari. Mwili wako uko salama zaidi hapa kuliko barabarani. Hatari ya mahakama ni hukumu mbaya, maana ukishindwa hushindwi peke yako: unawaachia wanaokuja nyuma yako uamuzi wa kuwafunga miguu. Bob Wangwe alipinga wakurugenzi wa halmashauri kusimamia uchaguzi. Mei 2019 akashinda. Oktoba mwaka ule ule Rufani ikapindua, na wanaosimamia wakawa na hukumu ya kuonyesha.

Sauti. Unasema kupitia wakili na viapo, si vile ungeongea kijiweni. Angalau tangu marekebisho ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama Tanzania, na mwenye kesi anaweza kufuata kinachosemwa juu yake.

Kudumu. Kesi ya BBI (Building Bridges Initiative) ilipita ngazi zote tatu Kenya, kuanzia Mei 2021 hadi Mahakama ya Upeo Machi 2022, na mpango huo wa Rais Uhuru Kenyatta na vigogo wa kubadilisha katiba ukafa palepale. Maandamano yasingeweza kuuzika namna hiyo. Lakini Kenya hiyo hiyo, Jaji Mkuu wa wakati huo, Maraga, alishauri Bunge livunjwe Septemba 2020 kwa kushindwa kutunga sheria ya kuhakikisha jinsia moja haizidi theluthi mbili, na Bunge likaendelea na chai. Mahakama Kuu ilikuwa imeipa serikali ya Tanzania mwaka mmoja kurekebisha Sheria ya Ndoa. Mwaka ukapita.

Kwa kuwa nakaa Arusha, naongeza moja ambalo watu hulijua wakiwa wamechelewa. Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki haikulazimishi kumaliza kwanza mahakama za nyumbani, lakini inakupa miezi miwili tu tangu tendo lilipotokea au ulipolijua. Ndiyo iliyosema mwaka 2019 kwamba vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya Tanzania vinavunja mkataba wa Jumuiya. Ile Mahakama ya Afrika aliyoshinda Mtikila mlango umebanwa: Tanzania iliondoa tamko lake, na tangu Novemba 2020 raia hawezi kuishtaki moja kwa moja pale.

Mahakama inamfaa mwenye jeraha lenye ushahidi, roho ya kungoja, na wakili asiyemdanganya.

Mtaa

Njia hii haipigwi picha. Kasi yake huioni, kama nywele zinavyoota. Ni kusimama kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao sheria inataka ukae kila miezi mitatu, na kuuliza mapato na matumizi yako wapi. Ni kuwa msaidizi wa kisheria wa kata, kazi iliyotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na kumweleza mjane kwamba shemeji hana haki ya kumtoa kwenye nyumba. Kenya ni kwenda kwenye vikao vya maoni ya wananchi kuhusu bajeti ya kaunti, ni Bunge la Mwananchi pale bustani ya Jeevanjee, ni vituo vya haki kama cha Mathare kilichoanza 2014 kwa kuandika majina ya vijana waliouawa na polisi wakati hakuna aliyekuwa akiyaandika.

Gharama ni muda, na uvumilivu kwa mtu anayerudia swali lile lile mara nne. Hatari ipo, ila ina sura unayoijua: mwenyekiti ataacha kukusainia barua, mjomba atakuja kukuonya usiku. Sauti inabaki yako. Kudumu, mimi naamini kunazidi tunavyokupa sifa, kwa sababu ukiondoka, wale uliowafundisha kuuliza hawasahau kuuliza. Udhaifu ni kwamba mtaa haubadilishi katiba. Unaweza kukaa miaka ishirini ukiwapa watu ndoo huku paa linazidi kuvuja.

Sasa wewe uko wapi?

Kama kinachokuuma kina tarehe, muswada unaopigiwa kura Alhamisi, mahakama na chama havitawahi. Kenya, barabara ina nafasi ya kweli, kwa macho wazi. Tanzania kwa hali ilivyo, ningeanza na maoni ya maandishi kwa kamati ya Bunge, wakili aliyeandaliwa mapema, na watu wengi wenye majina yao. Barabara ningeiweka mwisho, na nisingemsukuma mtu mwingine aende mahali ambapo mimi sitakuwepo.

Kama umetendewa wewe mwenyewe, umekamatwa bila hati au umeenguliwa kwenye fomu, anza na mahakama leo hii. Andika saa, jina la kituo, aliyekuwepo. Kumbuka miezi miwili.

Kama unataka kuwa yule anayeshika kalamu, hakuna ujanja, ni chama, au ugombea binafsi ikiwa kura yako iko Kenya. Chagua chama kwa kuangalia kinavyowatendea walioshindwa uchaguzi wa ndani. Ilani zote zinafanana.

Kama wewe ni mtumishi wa umma au ndiye unayelisha nyumba nzima, mtaa una nafasi pana kuliko unavyodhani, na hakuna atakayekudai kadi. Kama uko Muscat au Minnesota, angalia paspoti yako: Mkenya hupiga kura ya urais akiwa nje tangu 2013, Mtanzania bado, na wote mnaweza kuchangia kesi.

Na ukishaanza njia moja, hujafunga nyingine. Omtatah alianzia mahakamani, na mwaka 2022 watu wa Busia wakampeleka Seneti. Ila usianze zote nne Jumatatu moja. Nimewaona, hawafiki Juni.

Yule dada nilimrudia. Ana mtoto wa miaka mitatu, meza ya vocha ni ya mkopo wa kikundi, na kumbe mgogoro alionao ni ushuru anaotozwa kila siku bila risiti. Barabara tukaiacha palepale. Nimempa namba ya msaidizi wa kisheria wa kata yao, na ameanza kuandika kwenye daftari la madeni, ukurasa wa nyuma, tarehe na kiasi anachotozwa. Kadi ya chama amesema atafikiria, ila kwanza anataka kujua ule mkutano wa mtaa unakaa lini.